Kifafa kikizidi dakika tano: Yanayotokea ndani ya ubongo

Mtu akishikwa na kifafa mbele yako, iwe ni kwenye foleni ya benki au sebuleni mwako, tazama saa na uiweke akilini dakika ile. Watu wengi hukimbilia kijiko, maji, au kitunguu cha kumnusisha mgonjwa, na hakuna hata mmoja anayekumbuka saa. Wanapofika hospitalini na daktari kuuliza alianza lini, jibu huwa ni "kitambo." Kitambo hicho chaweza kuwa dakika nne au dakika arobaini, na kwa daktari hayo ni kama magonjwa mawili tofauti.

Visa vingi vya kifafa cha kuanguka na kutetemeka mwili mzima hukoma vyenyewe katika dakika moja hadi tatu. Kikizidi dakika tano, matumaini ya kukoma chenyewe hupungua sana. Zamani vitabu vya udaktari vilingoja dakika 30 kabla ya kukiita kifafa kisichokoma. Mwaka wa 2015 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kiliweka mipaka miwili: dakika tano, ambapo matibabu ya dharura yanapaswa kuanza, na dakika 30, ambapo hatari ya madhara ya kudumu kwa ubongo huwa imeingia.

Kwa nini tano, msomaji wangu? Je, ni idadi tu iliyochaguliwa mkutanoni? Sehemu kubwa ya jibu imo katika protini ndogo mno zilizo kwenye viungo vya seli za ubongo. Nitakueleza polepole, maana ukilielewa hili hutahitaji kukariri amri za daktari kama kasuku.

Mafuta na breki

Ubongo wa mtu mzima una takriban seli za neva bilioni 86. Mahali seli moja inapokaribiana na nyingine ili kupeana habari huitwa sinapsi, lakini kwa kawaida hazigusani. Katikati pana mwanya. Chukua milimita moja uigawe vipande 50,000. Upana wa mwanya huo ni kama kipande kimoja.

Umeme unaosafiri ndani ya seli hauuruki mwanya huo. Ukifika ukingoni, huvifanya vifuko vidogo vimwage kemikali, na kemikali hiyo ndiyo inayovuka. Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1921 na Otto Loewi huko Austria, akitumia mioyo miwili ya vyura: majimaji yaliyozunguka moyo uliopunguzwa kasi na neva yalipomiminwa juu ya moyo wa pili, nao ulipunguza kasi. Loewi mwenyewe alisimulia kuwa wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini. Mwaka wa 1936 alituzwa Nobel, kwa hivyo usimcheke anayesema ameota jambo la maana.

Ng'ambo ya mwanya, kemikali hupokewa na protini zinazoitwa vipokezi. Kemikali zilizo muhimu kwetu leo ni mbili. Glutameti huichochea seli inayopokea habari. GABA huituliza. Kipokezi cha GABA kina vipande vitano vilivyopangwa duara kama mawe ya mdomo wa kisima, na katikati pana tundu. GABA ikigusa kipokezi, tundu hufunguka, kloridi (ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani) huingia ndani, na seli hupoa.

Glutameti ni mafuta, GABA ni breki. Kifafa ni trela lililokatika breki kwenye mteremko wa Salgaa: seli maelfu kwa maelfu zinachocheana kwa pamoja, na mwili ambao zinauendesha hutetemeka bila hiari ya mwenyewe.

Mfano huo wa breki una kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Breki za gari zimefungwa kwa skrubu. Vipokezi vya ubongo havikufungwa.

Vipokezi vinavyohama

Ukitazama michoro ya vitabuni utadhani vipokezi vimepigiliwa misumari kwenye utando wa seli. La. Huelea juu ya utando huo kama majani juu ya maji, na chini yake kuna protini nyingine ambazo kazi yake ni kuvishikilia mahali panapotakiwa. Inayovishikilia vipokezi vya GABA huitwa jefirini. Upande wa glutameti kuna nyingine inayojulikana kwa jina PSD-95. Zifikirie kama vigingi vya hema. Kigingi kikilegea, kipokezi huteleza kando, na pembeni kuna protini nyingine zinazokikunja ndani ya kifuko na kukizamisha tumboni mwa seli. Baadaye hurudishwa juu, au huvunjwavunjwa kabisa.

Ni nani huamua kipi kibaki na kipi kizame? Kwa kiasi kikubwa ni alama ndogo ya fosfeti inayobandikwa kwenye kipokezi cha GABA. Ikiwapo, kipokezi hubaki juu. Ikibanduliwa, hunaswa na kuvutwa ndani. Kazi hii ya kubandika na kubandua inaendelea kichwani mwako wakati huu unaposoma gazeti. Si ugonjwa. Kwa kuongeza na kupunguza vipokezi, hasa vya glutameti, ubongo huimarisha sinapsi zinazotumika sana na kudhoofisha zilizolala, na hiyo ni sehemu ya namna tunavyojifunza na kukumbuka mambo.

Sasa tuirudie ile saa. Kifafa kinapoendelea bila kukoma, utaratibu huu huvurugika vibaya. Vipokezi vya GABA, yaani breki, huanza kuvutwa ndani ya seli. Wakati huohuo vipokezi vya glutameti vya aina inayoitwa NMDA huletwa juu kwa wingi. Breki zinapungua huku mafuta yakiongezwa. Kifafa kinajipalilia chenyewe.

Mwaka wa 2005 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Los Angeles na jingine la Virginia, yalichapisha ushahidi wa kuhama huku. Wale wa Los Angeles walipata kuwa kwa panya walioshikwa na kifafa kwa muda wa saa moja, vipokezi vya GABA vilivyokuwa vikifanya kazi katika kila sinapsi walizopima vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Panya si binadamu, nakubali. Hata hivyo, tunayoyaona katika vyumba vya dharura yanaoana na matokeo hayo barabara, kama utakavyoona.

Dawa isiyopata mlango

Dawa ya kwanza tunayomkimbilia mgonjwa nayo ni diazepamu, midazolamu, au nyingine ya jamii hiyo. Watu hudhani dawa hizi huuzima ubongo kama mtu anavyozima taa. Sivyo. Hujishika kwenye kipokezi cha GABA na kukifanya kiitikie upesi GABA inapokigusa. Hazina kazi nyingine dhidi ya kifafa hiki. Pasipo na kipokezi juu ya seli, dawa haina pa kujishika.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997, panya waliotibiwa dakika 10 baada ya kifafa kuanza walitulizwa kwa kiasi kidogo cha diazepamu. Waliongojwa hadi dakika 45 walihitaji karibu mara kumi ya kiasi hicho. Dawa ni ileile na mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni muda.

Huwezi kumpa binadamu dawa mara kumi, kwani atakoma kupumua kabla kifafa hakijakoma. Ndiyo sababu daktari akimpa mgonjwa dozi mbili za dawa hizi na asipate nafuu, haongezi ya tatu na ya nne. Huhamia dawa za njia nyingine kama fenitoini, valproeti, au levetirasetamu. Hizo nazo si za miujiza. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2019 ulizilinganisha levetirasetamu, valproeti na fosifenitoini, ambayo ni ndugu ya fenitoini, kwa wagonjwa ambao dawa za kwanza zilikuwa zimeshindwa. Kila moja ilifaulu kwa takriban nusu yao. Waliosalia huhitaji kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na huko wakati mwingine hutumiwa ketamini, ambayo huziba vile vipokezi vya NMDA vilivyoongezeka. Mwananchi anayejua bei ya kitanda katika chumba hicho hahitaji maelezo zaidi.

Nchini Marekani, utafiti wa mwaka wa 2012 uliwahusisha wahudumu wa ambulensi. Wengine walidunga midazolamu kwenye msuli wa paja, wengine walitafuta mshipa ili kudunga lorazepamu. Waliodungwa pajani, asilimia 73 walikuwa wametulia bila dawa ya ziada walipofika hospitalini; wa mshipani walikuwa asilimia 63. Dawa ya mshipani huanza kazi upesi zaidi ikishaingia, lakini kutafuta mshipa wa mtu anayetetemeka huchukua dakika, na dakika ndizo zilizoamua.

Kuna njia zisizohitaji sindano hata kidogo. Midazolamu huweza kutiwa kati ya shavu na ufizi, na diazepamu kupitia njia ya haja kubwa. Hii ya pili wazazi wengi huionea haya. Siwalaumu, ila mtoto anayetetemeka hana habari ya haya. Ikiwa mwanao hushikwa na kifafa kirefu, muulize daktari wake kama mnaweza kuweka dawa hii nyumbani, akupimie kiasi kulingana na uzito wa mtoto na kukuonyesha namna ya kuitia. Usijinunulie dukani na kukisia.

Degedege na sindano

Pwani, na kwa ndugu zetu wa Tanzania, mtoto mwenye homa akitetemeka husemwa kuwa ana degedege. Neno lenyewe lina ndege ndani yake, kwani wazee walisimulia juu ya pepo mwenye umbo la ndege anayewakumba watoto. Pamoja na imani hiyo kuna nyingine ambayo imetia watoto wengi kaburini: kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo hupelekwa kwa mganga kwanza, hospitalini baadaye.

Wenzangu wengi huicheka imani hii. Mimi nadhani ilitokana na macho ya watu walioona kweli wanachokisema, ila wakakosea sababu. Fikiria mtoto aliyetetemeka tangu alfajiri. Amefukizwa, amepakwa dawa, jua limetua, ndipo anafikishwa zahanati. Kufikia wakati huo breki za ubongo zimezama ndani ya seli, na kilicholeta homa, pengine malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa wa uti wa mgongo, kimekwisha kufanya uharibifu wake. Muuguzi anadunga sindano na haifui dafu. Mtoto anakufa usiku ule. Jambo la mwisho alilofanyiwa mbele ya mamake ni sindano. Ungekuwa wewe ndiwe jirani uliyeshuhudia, ungesema nini?

Sindano ileile ingedungwa asubuhi, yamkini ingemtuliza upesi na kumpa daktari nafasi ya kutibu homa. Mzazi anayekataa sindano kwa hofu afafanuliwe hivyo, kwa adabu, badala ya kukaripiwa kuwa ni mshamba. Aidha aelezwe kuwa degedege nyingi za homa ni fupi na hukoma zenyewe, lakini kila moja yataka mtoto apimwe siku hiyohiyo, maana kwa macho huwezi kutofautisha homa ya kawaida na malaria ya kichwani.

Kuacha dawa ghafla

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wana kifafa ulimwenguni, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kwetu bado tuko mbali. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulipata kuwa zaidi ya nusu ya wenye kifafa cha kuanguka hawakuwa wakipata matibabu yanayofaa.

Miongoni mwa wanaotibiwa, kosa ninalolikuta zaidi ni kuacha dawa kwa sababu mtu amekaa mwaka bila kuanguka. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka wa 1912 na ingali ya bei nafuu kuliko nyingi, nayo huegemea vipokezi vya GABA. Ubongo unaopata msaada huo kila siku hujizoesha. Hupanga vipokezi vyake ukiutegemea. Ukiuondoa ghafla, unabaki na mpangilio wa breki hafifu, na mgonjwa huweza kushikwa na kifafa kibaya kuliko kile cha awali, kile cha kupita dakika tano. Dawa hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki au miezi, chini ya uangalizi wa daktari.

Hali ni hiyohiyo kwa pombe, kwani nayo huchezea vipokezi hivi. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka akiacha ghafla, huweza kuanguka kifafa kati ya saa 6 na 48 baadaye, hata kama hajawahi kuanguka maishani. Jamaa husema amerogwa na wenzake wa kilabuni. Kuacha ni jambo jema, lakini mnywaji wa kiwango hicho apitie hospitalini kwanza. Na vijana wanaomeza vile vidonge vinavyoitwa bugizi mitaani wajue kuwa wanavichezea vipokezi hivihivi, na hatari ya kuacha ghafla ni ileile.

Levetirasetamu niliyoitaja hufuata njia tofauti. Mwaka wa 2004 iligunduliwa kuwa hujishika kwenye protini inayoitwa SV2A, iliyo juu ya vile vifuko vya kemikali upande unaotuma habari. Valproeti ni dawa nzuri, lakini huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba azungumze na daktari kuihusu, bila kuiacha ghafla.

Wengine huzaliwa na hitilafu katika protini zenyewe. Tangu mwaka wa 2001 zimetambuliwa familia ambazo kifafa chao kinatokana na kasoro katika kipande kimoja cha kipokezi cha GABA. Tena kuna ugonjwa ulioelezwa mwaka wa 2007 na Josep Dalmau na wenzake, ambapo kinga ya mwili huvishambulia vipokezi vya NMDA na kuvifanya vizame. Aghalabu huwapata wasichana na wanawake vijana. Huanza kwa kubadilika tabia, kuona vitu visivyokuwapo na kusema ovyo, kisha kifafa na kuzirai. Baadhi yao huwa na uvimbe kwenye ovari. Ukisikia kuwa msichana aliyekuwa mzima amepagawa ghafla na pia anaanguka, mpelekeni hospitali kubwa kabla ya kuitisha maombi ya usiku kucha. Wengi wakitibiwa mapema hupona.

La kufanya

Mwondolee mgonjwa vitu vya kumuumiza, au msogeze kando ya moto, barabara au maji. Mwekee kitu laini chini ya kichwa na ulegeze kola au tai. Mlaze kwa ubavu mara tu unapoweza ili mate yatoke. Usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si kijiti. Hawezi kuumeza ulimi wake, lakini aweza kuvunja meno yake au kukung'ata. Usimbane kwa nguvu. Usimnyweshe maji wala dawa hadi azinduke kabisa. Na usiogope mate yake wala hewa inayomtoka. Kifafa hakiambukizi, waliosema kinaambukiza wamewaacha wagonjwa waungue motoni wakiwa wamezungukwa na watazamaji.

Dakika tano zikipita, anza safari ya hospitali au tia ile dawa uliyopewa na daktari, kisha uondoke. Usingoje hizo tano ikiwa ni mwanamke mjamzito, ikiwa ni mara yake ya kwanza kuanguka, ikiwa ana kisukari, ameumia, au ameangukia majini. Vilevile ikiwa ameshikwa mara ya pili kabla ya kuzinduka kutoka ile ya kwanza: kwa ubongo, hicho ni kifafa kimoja kirefu.

Ukifika, mwambie daktari mambo matatu: alianza saa ngapi, anatumia dawa gani, na kama umempa kitu njiani, kiasi gani. La tatu usilifiche hata kama unaogopa kukaripiwa, kwani dozi zikirundikana humfanya mgonjwa akome kupumua.

Na wewe unayetumia dawa za kifafa na unapanga kwenda ushago Desemba, hesabu vidonge vyako kabla ya kukata tiketi, uongeze vya wiki mbili. Duka la dawa la soko la kwenu huenda likawa na panadoli tupu.